Muhula wa Upekuzi

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa leo na nimeanza vibaya. Asubuhi nilifungua stoo ya vifaa ya idara ili nihakiki kila kitu kabla wahadhiri hawajaanza kuazima. Masanduku ya projekta yalikuwa kwenye rafu, yamepangwa na kufungwa kama nilivyoyaacha. Nilipolinyanyua la kwanza lilikuwa na uzito wa kawaida, lakini kitu kilisogea ndani. Nilikata gundi. Ndani mlikuwa na kipande cha tofali kilichoviringishwa kwa gazeti. Nilifungua la pili na la tatu, nikakuta tofali, tofali.

Nilikaa sakafuni. Umri wangu na sketi yangu haviruhusu jambo hilo, lakini nilikaa.

Projekta hizo nilizichonga namba mwenyewe kabla ya likizo, kwa kalamu ya umeme, upande wa chini ambako hakuna mtu anayeangalia. Chuo kilinipa kazi hii ya kutunza vifaa baada ya kustaafu ualimu kwa sababu, kama alivyosema Dkt. Kasiva, mkuu wa idara, Mwalimu Kavetsa, ndiye mimi, hata chaki alikuwa akiipokea kwa sahihi.

Nilimwita Austin Osewe, fundi wa vifaa na msaidizi wangu. Aliyatazama matofali, akasema, "Mwalimu, hii ni kazi ya mtu wa ndani."

Nilikuwa nimewaza hivyo hivyo. Nikamtazama yeye.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Bwana Nalianya, mkuu wa walinzi wa chuo, alikuja kukagua stoo. Ninamfahamu vizuri: mimi na yeye ni wazee wa kanisa moja kule Kabiro. Alilipapasa kufuli, akalinusa kabisa, akasema, "Dada Kavetsa, kufuli haijaguswa. Mwenye ufunguo ndiye mwenye jibu."

Alimwamuru Austin amwage begi lake pale pale kwenye korido, wanafunzi wakipita. Zilitoka bisibisi, nyaya, na chapati iliyofungwa kwa karatasi. Wanafunzi waliicheka chapati. Mahali pa kufanyia upekuzi sikupapenda, ila upekuzi wenyewe niliuona wa haki.

Ijumaa, 7 Machi

Dkt. Kasiva alitaka maelezo yangu kwa maandishi. Niliandika kwamba funguo za stoo ni mbili, mmoja wangu na mmoja wa Austin, na kwamba wangu haujawahi kutoka mkononi mwangu. Sikuandika kwamba Austin ni mwizi. Nilifika nyumbani kwangu, mtaa wa Satellite, nikiwa nimeridhika na usahihi wa sentensi zangu.

Austin amesimamishwa kazi hadi kamati ya nidhamu itakapokaa baada ya Pasaka. Akipatikana na hatia atafutwa na kukabidhiwa polisi. Alipokuja kurudisha ufunguo hakunilaumu. Alisema tu, "Si ungeniuliza, Mwalimu? Mara moja tu."

Jumapili, 9 Machi

Ibada nzuri. Nyimbo zilimulikwa ukutani kwa herufi kubwa, hata macho yangu yalizisoma bila taabu. Akina mama wamenikabidhi uzi nifume kitambaa cha kuifunikia mashine ya kanisa. Kila chombo chetu cha heshima kina kitambaa chake, nayo isikae uchi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Spika ya ukumbini ilikataa kuwaka. Austin angeiwasha.

Alhamisi, 20 Machi

Vipakatalishi viwili vimetoweka stooni. Nilivifungia jana jioni mwenyewe. 

Nalianya alisema kijana alichongesha ufunguo mwingine kabla ya kurudisha ule, na kwamba huko kwao Kibera ufunguo unachongwa upesi kuliko kukaanga yai. Niliona ina maana. Ameleta kufuli jipya yeye mwenyewe na kunikabidhi ufunguo wake mbele ya Dkt. Kasiva.

Jumapili, 16 Machi, sikuandika. Naongeza hapa: nimemaliza kitambaa. Cheupe, pindo la samawati. Kimesifiwa.

Jumamosi, 22 Machi

Ninaandika haya mikono ikinuka samaki, ingawa nimenawa.

Asubuhi nilisikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu aliyefunga leso kiunoni, viatu vyake vimejaa tope la Kibera. Alijitambulisha kuwa Awiti, mama yake Austin. Anauza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayokaangwa mafuta mengi, na mwili wake wote ulikuwa na harufu hiyo. Nilimkaribisha chai. Alikataa kuketi.

"Mwalimu, si unasema kijana yangu ni mwizi? Kuja upekue kwangu. Ni chumba moja, hutachoka."

Nilimweleza kwamba sikusema hivyo. Akajibu kwamba niliandika. Nikamweleza kwamba kupekua ni kazi ya polisi. Akasema polisi hawapekui, wanavunja, na kwamba mimi nimefundisha watoto, nitapekua vizuri.

Nilichukua mwavuli. Hadi sasa sijui kwa nini nilikubali. Nadhani nilitaka kuwa sahihi.

Kwake ni Gatwekera, ndani ya Kibera. Tulipofika hakuniingiza ndani. Alisimama mlangoni na kuwaita majirani wote watoke, mmoja mmoja kwa jina, akaufungua mlango hadi ukagusa ukuta. Aliniambia ni lazima iwe hivyo. Nikipekua mlango ukiwa umefungwa, watu watasema nilipewa chai nikanyamaza.

Watu walitoka. Mwanamke mmoja aitwaye Maggie, aliyekuwa akifua, alisogea karibu povu likimtiririka viwikoni. "Madam, usisahau kuangalia kwa sufuria ya ugali," alisema. "Projekta hujificha huko." Walicheka wote isipokuwa Awiti.

Nilikusudia kuchungulia tu kutoka mlangoni, kisha niage. Awiti aliweka kiganja chake mgongoni mwangu na kunisukuma ndani polepole.

Basi nilipekua. Niliinua godoro. Niliondoa pazia na kuangalia uvunguni mwa kitanda cha Austin, ambako mashati yake yalikuwa yamekunjwa kama ya dukani. Nilikuta redio iliyofunguliwa matumbo, na kabla sijaigusa Maggie alipaza sauti kutoka nje kwamba hiyo ni yake, amemletea Austin aitengeneze, nisiiandike. Nilifungua sanduku la bati. Niliona cheti cha ufundi cha Austin ndani ya mfuko wa nailoni. Kufikia hapo nilijua kwamba hakuna kitu. Chumba chote mtu angekimaliza kwa kukitazama. Lakini mikono yangu haikuacha. Chini ya sanduku mlikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa, kikanivuta, nikafungua fundo. Kilikuwa kijitabu cha mazishi, picha ya mwanamume mwenye tai kwenye jalada.

Awiti alisema kwa utaratibu, "Huyo ni babake. Yeye pia hakuiba."

Nilikifunga tena. Fundo langu halikufanana na lake.

Nilimwambia Awiti, kwa sauti ya chini, kwamba sikupata kitu. Yeye peke yake ndiye aliyenisikia. Kisha nikapita katikati ya majirani macho yangu yakiwa chini. Austin hakuwepo. Mamake alisema ameenda Kawangware kutafuta kibarua cha ujenzi, na hajui kwamba nimeitwa.

Jumatatu, 24 Machi

Kazi ya kawaida. Sikula samaki kantini.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Paa la kanisa linavuja. Nalianya ameahidi mabati mapya baada ya Pasaka. Waumini wanamwombea.

Jumanne, 8 Aprili

Kamera imeibwa. Kufuli ni jipya. Austin hajawahi kuuona ufunguo wake.

Nilisimama mbele ya mlango huo nikalisoma jambo hili kama mtu anayesoma sentensi yenye kosa asilolipata. Mwisho nililipata. Kila kufuli la chuo lina ufunguo wa akiba ofisini kwa walinzi, nyuma ya kioo, kwa ajili ya moto. Sote tunajua. Tunapita mbele ya kioo hicho kila siku. Ila hakuna anayeuhesabu kuwa ufunguo, kwa sababu ni wa moto. Niliandika kwamba funguo ni mbili. Zilikuwa tatu tangu mwanzo.

Nilimwendea Nalianya kumwuliza ni nani hushika funguo za moto. Alicheka kwa upole, akaniuliza iwapo ninataka kuwafanya askari wake wezi, kisha akanikumbusha kikao cha wazee siku ya Alhamisi. Niliona haya kwa kuuliza. Ni mtu anayefunga na kuomba.

Alhamisi, 10 Aprili

Kikao cha wazee. Nalianya alifungua kwa maombi. Nilimsikiliza macho wazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Mvua ilishuka wakati wa matangazo, kwa kishindo kwenye mabati hadi Pasta Urbanus akaacha kusema. Vijana wawili wanaoruhusiwa kuigusa projekta walikimbilia mlangoni kuzuia maji kwa magunia. Tone likaanguka juu ya mashine, kisha matone, kisha mchirizi. Nilikuwa karibu kuliko wote. Nilivuta waya ukutani, nikang'oa kitambaa changu kilicholowa, nikaikumbatia mashine na kukimbia nayo hadi chini ya dirisha. Pale niliiinamisha ili maji yatoke.

Upande wa chini palikuwa na namba. Saba yake ilikuwa na kistari katikati, kama tulivyofundishwa zamani kuiandika ili isichanganywe na moja. Hakuna mwingine katika chuo kile anayeiandika hivyo.

Waumini waliendelea kuimba bila maneno ukutani. Mimi nilisimama nikiwa nimeikumbatia.

Nalianya aliileta Februari. Alipanda nayo hadi madhabahuni kwaya ikimtangulia, akina mama wakipiga vigelegele, akasema ameinunua mjini kwa mshahara wake ili amhimidi Bwana. Sisi wazee tuliizunguka na kuweka mikono juu yake. Pasta aliniomba mimi niombe. Nilimshukuru Mungu kwa mikono iliyoileta. Kisha nikaifumia kitambaa, nami ndiye niliyesisitiza ifunikwe vizuri na isishikwe ovyo. Chuoni nilikuwa nikiitafuta. Huku nilikuwa nikiificha.

Baada ya ibada nilimpelekea Pasta Urbanus ofisini nikamwonyesha namba. Nilitarajia aketi kwa mshtuko, kama nilivyoketi mimi siku ile ya matofali. Hakushtuka. Alisema Nalianya alimweleza kwamba chuo kinatupa vitu vingi. Nilimwuliza kama aliamini. Akajibu kwamba hakuuliza sana.

"Mwalimu, ngoja Pasaka ipite," alisema. "Tuko na mabati ya kuezeka."

Nilimwambia kwamba Pasaka ikipita kamati inakaa, na kuna kijana atakayepelekwa polisi.

"Lakini huyo kijana si wa kwetu," akasema.

Aliyasema hayo bila ukali wowote, kama mtu anayenionyesha njia. Nimemsikiliza mtu huyu akihubiri kwa miaka mingi.

Nilitoka na projekta chini ya mwavuli. Mlangoni wazee wenzangu waliniuliza ninaipeleka wapi. Nikasema ninaenda kuikausha. Ni uongo, na ulitoka upesi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nalianya alikuja kwangu alasiri. Alibisha hodi kwa adabu, akavua kofia, akakubali chai. Projekta ilikuwa mezani katikati yetu. Alinywa nusu kikombe kabla hajaizungumzia.

Hakukana. Hilo ndilo lililonimaliza. Alisema zile nyingine mbili ziliuzwa, kwamba ana watoto wanne shuleni, lakini hii moja aliitoa kwa Bwana. Kule chuoni, alisema, ilikuwa ikiwaonyesha vijana filamu. Hapa inaokoa roho. Nilimwuliza kuhusu Austin. Akasema Austin ni kijana, hana mke, atapata kazi kwingine.

Nilimwambia nitakwenda kwa kamati.

"Na utawaambia pia wewe ndiye uliweka mikono juu yake?" aliuliza. "Utawaambia uliishonea nguo? Dada Kavetsa, watakuuliza mtunza vifaa gani huyo, anaona kifaa chake kila Jumapili na hakijui."

Alimaliza chai. Alipotoka, alisema tutaonana Ijumaa Kuu.

Nimefunga mlango kwa komeo mbili. Si kwa kumwogopa. Ni kwa sababu alilosema ni kweli.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikwenda kanisani. Mara ya kwanza tangu nibatizwe.

Alhamisi, 24 Aprili

Niliibeba mwenyewe hadi chumba cha kamati. Langoni askari alitaka kunipekua, nikamfungulia mfuko. Aliitazama projekta, akanitazama mimi, akapiga saluti kwa mazoea. Nikatambua jinsi zilivyotoka zile nyingine. Gari la mkuu wake halikupekuliwa, lilipigiwa saluti.

Austin alikuwa ameketi peke yake upande mmoja wa meza, akiwa na shati kutoka chini ya kile kitanda. Amekonda. Ana saruji kwenye kucha. Nalianya aliketi upande wa kamati, kwa kuwa ndiye mlalamikaji.

Niliiweka mezani chali, namba juu. Nikaeleza kila kitu: ufunguo wa moto, zawadi, maombi, kitambaa. Nilisema kwamba maelezo yangu ya Machi yalikuwa na sarufi safi na yalikuwa ya uongo. Dkt. Kasiva aliacha kuandika. Nalianya alitazama saa yake, kisha akatazama dirishani, hadi alipoombwa atoke.

Sikumtazama Austin. Nilipomaliza nilimsikia akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo lakini hajui kama ataambiwa aubebe tena.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilidhani kwamba nimekwisha kushtuka muhula huu.

Nalianya ameruhusiwa kujiuzulu. Hakuna polisi. Dkt. Kasiva alisema wakuu hawataki jina la chuo magazetini. Nilimkumbusha kwamba Austin alikuwa apelekwe polisi kwa jambo hilo hilo. Akasema kwamba anajua.

Barua ya Austin ina mistari michache. Inasema uchunguzi umefungwa na kwamba anaweza kurejea kazini. Neno "hakuiba" halimo.

Aliisoma mlangoni mwa stoo bila kuingia. Nilimwomba radhi. Alisema, "Sawa, Mwalimu," kama unavyomjibu mtu aliyekukanyaga njiani. Kisha akasema amepata kibanda cha kurekebisha simu Kawangware, yeye na mwenzake, hatarudi. Nilimwuliza nifanye nini. 

"Mimi niko poa," alisema. "Shida ni mathe. Majirani wa mama huko kwa ploti bado wanaficha simu akipita."

Jumatano, 30 Aprili

Wazee wamekaa bila mimi na kuniondoa. Pasta Urbanus alituma ujumbe wa simu. Una amani nyingi ndani yake.

Jumamosi, 3 Mei

Nilikwenda Gatwekera. Nilimkuta Awiti akiwa mbele ya karai lake, mafuta yakichemka. Nilimwambia nimekuja kueleza kwamba mwanawe amesafishwa. Akajibu kwamba Austin alimweleza, na akageuza samaki.

Nikasema nimekuja kuwaeleza majirani.

Aliinua uso. Alilishusha karai kutoka kwenye jiko, akapangusa mikono, akawaita watu watoke kwa majina, kama siku ile. Walitoka wachache zaidi. Ilikuwa imenyesha na uchochoro ulikuwa maji. Maggie alisimama mlangoni pake na mtoto kiunoni.

Nimesimama mbele ya gwaride la shule mara nyingi sana. Leo niliegemea mwavuli. Nilisema kwamba mimi ni Kavetsa, kwamba nilipekua nyumba hii, na kwamba Austin Osewe hakuiba kitu. Nilisema aliyeiba ni mkubwa wa walinzi, na kwamba mimi niliandika maneno yaliyomtia Austin hatiani kwa kuwa sikutaka kumdhania mtu wa kanisani kwangu.

Kisha Maggie akasema, "Madam, ongea kwa nguvu. Huku nyuma hatusikii."

Nikasema tena, kwa sauti yangu ya uwanjani. Mtoto wake akaanza kulia.

Mzee mmoja aliuliza kama Austin amerudishiwa kazi. Nikasema alirudishiwa, akakataa. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema hata yeye angekataa. Watu wakaanza kurudi ndani. Nilifikiri nimemaliza, nikafungua mwavuli.

Awiti alifunika karai lake, akavaa gambuti, viatu vyake vya mvua.

"Kwa ile ploti ingine pia walisikia ni mwizi," alisema. "Na ile ya kwa choo. Twende."

Tulikwenda. Alitangulia, akigonga milango kwa kiganja, nami nikayasema yote tangu mwanzo, jina langu kwanza. Katika ploti ya pili walinizomea. Katika ya tatu hakuna aliyetoka isipokuwa mwanamke mmoja mwenye homa, nikamwambia yeye. Tulipokuwa tukivuka mtaro kuelekea nyingine, mvua ilianza tena. Awiti hakusimama, nami sikumwomba asimame.